Aiskrimu ya matunda ikigoma: dalili, sababu na marekebisho kwa wauzaji wa Mwanza

Kuanzia Igoma hadi Nyegezi, wanaotengeneza aiskrimu za ukwaju, embe, pasheni na nanasi nyumbani wana malalamiko yaleyale. Haigandi. Imekuwa barafu tupu. Maziwa yamekatika. Inanuka sato. Na karibu kila mara wa kwanza kulaumiwa ni friza. Fundi anaitwa, analipwa nauli na pesa ya kuangalia, anaongeza gesi ambayo haikuwa imepungua, na kesho yake tatizo liko palepale kwa sababu lilianzia kwenye sufuria.

Kwa hiyo kabla ya yote tafuta vitu viwili: mizani ya jikoni inayosoma gramu, na kipimajoto kinachoshuka chini ya sifuri. Kipimajoto kijaribu kwanza. Kitumbukize kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, kinatakiwa kisome 0. Kwenye maji yanayochemka usisubiri 100. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuna watu wametupa vipimajoto vizima kwa kutolijua hilo.

DALILI YA 1: Haigandi, au inaganda nje huku katikati ni uji

Sababu inayoongoza ni kuingiza mchanganyiko wa moto, tena mwingi kwa mkupuo. Mtu ametoka kuupika saa moja jioni, ameufunga kwenye vifuko bado una uvuguvugu, amepanga vifuko mia mbili kimoja juu ya kingine, akafunika. Friza ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Angalia kibandiko cha nyuma au cha ndani ya mfuniko: mara nyingi kimeandikwa uwezo wa kugandisha kwa saa 24, kwa kilo. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ujazo wa friza, wakati mwingine ndogo sana. Friza ya lita 200 haigandishi lita 200 kwa usiku mmoja.

Poza sufuria kwenye beseni la maji baridi huku ukikoroga, badilisha maji mara mbili au tatu, kisha iweke kwenye friji hadi ifike nyuzi 4 au 5. Hapo ndipo ufungashe. Kwenye friza ya kulala, mabomba ya ubaridi yamezunguka kutani, kwa hiyo vifuko vipya vigusane na kuta, safu moja moja. Vilivyokwisha kuganda ndivyo vikae katikati.

Ya pili ni sukari. Sukari huzuia maji yasigande, na tunda lenyewe tayari linayo. Kwa aiskrimu za maji, gramu 150 hadi 200 za sukari kwa lita ya mchanganyiko zinatosha. Ukivuka 300, friza nyingi za nyumbani zitakupa kitu kinachonata hata kikikaa siku mbili. Hapa mizani inajilipa, kwa sababu kikombe cha sukari cha mtu mmoja si kikombe cha mwenzake.

Ya tatu ni mlango. Kama friza ndiyo hiyohiyo inayouza maji baridi na soda dukani, inafunguliwa mchana kutwa. Hakuna fundi wa kutibu hilo. Gandisha usiku, na ukiweza tenga friza ya kuuzia na ya kugandishia.

Ukishaondoa hayo matatu, sasa iangalie friza yenyewe, kwa utaratibu huu:

- Weka kipimajoto katikati ya vifuko, funika, usiguse hadi asubuhi. Kinatakiwa kisome nyuzi 18 chini ya sifuri au karibu na hapo. Kikisoma hivyo, friza ni nzima na tatizo liko kwenye mchanganyiko.
- Bana noti kwenye mpira wa mlango, funika, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka au umejaa uchafu. Uoshe kwa maji ya sabuni, kisha rudia kipimo pembe zote.
- Vuta friza kutoka ukutani, angalau upana wa kiganja. Chomoa waya, futa vumbi la nyuma na la chini kwa brashi. Friza iliyobanwa kwenye kona ya chumba cha bati haina pa kutolea joto.
- Barafu iliyoota kutani ikizidi unene wa kidole, zima uiyeyushe. Usichokonoe kwa kisu. Bomba lililo nyuma ya karatasi hiyo ya bati ni jembamba, na ukilitoboa umenunua friza nyingine.

Halafu kuna umeme. Friza ikilia "tik", ikaunguruma kidogo, ikazima, kisha ikarudia hivyo kila baada ya dakika chache, mara nyingi umeme ni mdogo, hasa jioni mtaa mzima unapopika na kuangalia televisheni. Usiiache ijaribu usiku kucha, kompresa huungua kwa namna hiyohiyo. Tumia stabilaiza inayochelewesha kuwaka kwa dakika 3 hadi 5, na achana na ekstensheni nyembamba iliyopita chini ya zulia.

ACHA HAPO, ITA FUNDI: plagi au soketi ina moto ukiigusa, friza inapiga shoti, kuna alama ya mafuta kwenye bomba, kompresa inaunguruma muda wote lakini hakuna ubaridi, au kipimo cha noti kimefaulu, nyuma ni safi, umeme ni mzuri, na bado friza haishuki chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Soma pia kibandiko cha kompresa. Kikiwa kimeandikwa R600a, hiyo gesi inawaka moto. Ukisikia inavuja, chomoa kama unaweza kuifikia plagi kwa usalama, fungua madirisha, toa jiko la mkaa nje, na usikubali fundi achomelee bomba kabla hajaitoa gesi yote.

DALILI YA 2: Mteja akinyonya, utamu unatoka wote na inabaki barafu nyeupe

Hili ndilo lalamiko la watoto wa shule, na watoto hawana simile: wanahamia kwa jirani. Linahusu hasa aiskrimu za vifuko. Maji hujigandia yenyewe kwanza na kuisukuma sukari pembeni. Mnyonyaji anavuta sharubati, mifupa ya barafu inabaki.

Kinachoiruhusu hali hiyo, kwa kawaida, ni mchanganyiko mwepesi mno. Juisi ya ukwaju iliyochujwa mara mbili na kuongezwa maji haina cha kuyashika maji hayo. Wengi hapa wanatumia CMC, ule unga mweupe unaonenepesha, na ni sawa, ila unatumiwa vibaya. Kipimo ni gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Ukimwaga moja kwa moja kwenye maji unapata mabonge yenye utelezi nje na unga mkavu ndani, na hayayeyuki ng'o. Changanya CMC na sukari kavu kwanza, koroga hadi zisitofautike, kisha nyunyiza polepole kwenye maji ya vuguvugu huku blenda au mwiko ukizunguka. Iache nusu saa ivimbe. Ukizidisha, aiskrimu inakuwa na utelezi kama bamia, na mteja atakuambia.

Tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Maduka yanayouza CMC na rangi kwa wauza aiskrimu mara nyingi ndiyo yanayouza malighafi za sabuni ya maji, na CMC ya sabuni ipo kwenye ndoo inayofanana na hii. Dai iliyo kwenye mfuko wenye maandishi kwamba ni ya chakula, na rangi vivyo hivyo. Muuzaji akisema "zote ni moja tu, mama", nenda duka la pili.

Kama huna CMC, wanga wa mahindi au wa muhogo unafanya kazi: gramu 10 hadi 20 kwa lita, ukorogwe kwenye maji baridi kisha upikwe hadi uwe uji mwepesi unaong'aa. Usipoupika unaacha ladha ya unga.

Sababu ya pili ni kuganda polepole, na dawa yake iko kwenye dalili ya kwanza. Ya tatu ni kuyeyuka na kuganda tena. Umeme unakatika alasiri, unarudi usiku, asubuhi vifuko vinaonekana vizima ila chembe za barafu ndani zimekua. Ili ujue kilichotokea ukiwa hupo, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kiache ndani ya friza siku zote. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, kila kitu kiliyeyuka. Aiskrimu ya maziwa iliyoyeyuka kabisa na kukaa saa kadhaa usiigandishe tena kuuza. Inauma, lakini imwage.

DALILI YA 3: Maziwa yanakatika

Ukwaju, pasheni, ndimu na hata embe bichi vina ukali wa kutosha kuyakata maziwa. Hakuna ajabu, ni jambo lilelile linalotokea maziwa yakigeuka mtindi, tofauti ni kasi. Kinacholifanya liwe baya zaidi ni joto: kumimina juisi ya ukwaju kwenye maziwa yanayotoka jikoni.

Jaribu kwanza njia rahisi. Vyote viwili viwe baridi kabisa. CMC iwe imeshayeyuka ndani ya maziwa, kwa sababu inayashikilia yasijikusanye. Sukari yote iwe kwenye juisi. Kisha mimina juisi kwenye maziwa kidogo kidogo ukikoroga, mwisho kabisa, na ufungashe papo hapo. Ikikataa bado, usipigane na ukwaju. Ukwaju unauzika bila maziwa, tena kwa maoni yangu ndiyo aiskrimu bora ya mji huu: ukali, sukari, chumvi kidogo. Maziwa yapeleke kwenye embe lililoiva, ndizi na parachichi.

Nanasi ni kesi nyingine. Mananasi matamu yanayovuka kutoka Geita na Sengerema yana kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa. Yasipopikwa, mchanganyiko unaweza kuonekana mzuri jioni na kuwa mchungu asubuhi. Wengi wanalaumu tunda, wengine wanalaumu maziwa ya unga. Dawa ni moto: chemsha nanasi lililosagwa kwa dakika chache, lipoe kabisa, ndipo likutane na maziwa. Papai nalo lina kimeng'enya cha aina hiyo, hasa likiwa halijaiva vizuri.

Kama maziwa yanakatika hata kabla ya kuweka tunda, yalikuwa yamechacha. Chemsha kidogo pembeni kila unapopokea mzigo, kabla ya kuyachanganya na mengine.

DALILI YA 4: Inanuka samaki

Sehemu nyingine wangecheka. Hapa ziwani friza moja inabeba sato wa nyumbani, sangara wa shemeji na aiskrimu za biashara. Kifuko chembamba hakizuii harufu, na mafuta ya maziwa huivuta haraka kuliko maji, ndiyo maana aiskrimu ya embe na maziwa itanuka wakati ya ukwaju haijanuka.

Toa samaki. Si kuwafunga vizuri zaidi, kuwatoa. Yeyusha friza, osha kwa sabuni, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa sababu harufu ya samaki hukatwa na kitu kikali kama siki au limau na si kwa sabuni yenye manukato. Pindua mipasuo ya mpira wa mlango uisafishe ndani, na lile tundu la kutolea maji chini: hapo ndipo maji ya samaki hujificha. Iache wazi siku nzima.

Na barafu ya mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, ni ya samaki. Usiitie kwenye blenda, usiponde uweke kwenye juisi, hata muuzaji akikuapia.

DALILI YA 5: Inafika sokoni imelegea

Mchuuzi ametoka Buzuruga na deli kamili, lile boksi la kutunzia ubaridi, akifika kivuko cha Kamanga nusu ya mzigo ni juisi. Kosa kubwa hapa ni kuamini kwamba chupa za maji yaliyogandishwa zitaulinda mzigo. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye 0, lakini aiskrimu yenye sukari huanza kulegea ikiwa bado chini ya 0. Kwa hiyo chupa inabaki ngumu na aiskrimu inayeyuka kando yake.

Tia chumvi. Gramu 100 kwa lita ya maji, gandisha kwenye chupa za plastiki zisizojazwa hadi shingoni, na utapata barafu inayokaa nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Kwa safari ndefu ponda barafu, changanya na chumvi ya mawe kwa uwiano wa kilo 3 kwa 1, uizungushe nje ya ndoo ya bati iliyobeba mzigo. Hiyo inashuka chini sana, kwa hiyo usiishike kwa mikono mitupu, na maji yake yasiguse vifuko.

Mengine ni ya haraka: deli lilale na chupa za barafu usiku ili lisianze safari likiwa la moto, lijae, kwani hewa ndiyo inayoyeyusha, lifunikwe kwa kitambaa cheupe, mzigo utoke frizani umekauka kama jiwe. Deli lenye mpasuko ambao ndani yake umelowa maji halifai tena, na kulibandika gundi nje hakusaidii.

DALILI YA 6: Ladha imefifia

Ubaridi hupunguza utamu mdomoni. Mchanganyiko ukionjwa kabla ya kuganda unatakiwa uwe mtamu na mkali kidogo kupita unavyopenda. Pasheni ukiichemsha sana harufu yake inaondoka na mvuke, kwa hiyo chemsha maji, sukari na kinenepesho, halafu tia juisi ikiwa imebaki vuguvugu, kutoka kwenye matunda yaliyooshwa kwa maji safi. Parachichi likigeuka kahawia, tia limau. Arki isizidi matone. Aiskrimu ya embe inayonuka arki kuliko embe inajulikana mtaa mzima.

DALILI YA 7: Mteja anasema tumbo limemuuma

Hapa hakuna majaribio. Simamisha mauzo ya mzigo wote wa siku ile, pamoja na uliopo kwa wachuuzi. Usiumwage wote: weka vifuko vichache kando, vikiwa na tarehe, na mweleze afisa afya wa kata. Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele apelekwe kituo cha afya mara moja huku akinywa ORS njiani, usisubiri aone kama itapita.

Baada ya hapo tafuta chanzo. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Cha kawaida ni maji yasiyochemshwa: ya bomba yaliyokaa kwenye pipa, ya kisima, au ya ziwani. Yachemshe hadi yatokote sawasawa kwa dakika nzima. Kisha mikono, hasa ya anayefunga vifuko na kuvipuliza kwa mdomo ili vifunguke, tabia ambayo ife leo. Kisha maziwa mabichi na mayai mabichi: mchanganyiko wa namna hiyo upande hadi nyuzi 80 na ushuke haraka. Kisha blenda: fungua visu vyake, uone kilicho chini ya kile kimpira. Kwa walio jirani na ufukwe, kuna wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni kwa maelfu. Funika sufuria, au fungashia kwenye chumba ambacho taa haiko juu ya meza.

Mtengenezaji anayeharisha asiguse kazi hadi siku mbili zipite tangu aache. Usajili wa majengo ya chakula uko TBS, shirika la viwango, tangu 2019, jukumu lilipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inasaidia wanaoanza na mafunzo na vifungashio.

DALILI YA 8: Inaisha kila siku lakini pesa haionekani

Anza na kifuko. Ukikusudia mililita 60, lita moja inatoa vifuko 16. Ukijaza kwa macho vikafika 75, unapata 13. Kwa bei ya shilingi 200, hiyo ni 2,600 badala ya 3,200, na shilingi 600 zimeondoka kwa kila lita kabla hujalipa sukari. Tafuta kikombe chenye mstari, kata hapo.

Cha pili ni mali kauli. Wachuuzi wanachukua asubuhi, wanarudisha zilizoyeyuka jioni, na hasara inabaki kwako. Kubalianeni kabla deli halijatoka: zinazorudi zikiwa ngumu zinapokelewa, zilizolegea ni za mchuuzi. Andika idadi mbele yake.

Cha tatu ni umeme. Soma uniti za LUKU jioni na asubuhi, siku moja friza ikiwa imewashwa na nyingine ikiwa imezimwa tupu. Tofauti ndiyo bei ya friza kwa usiku. Igawe kwa vifuko. Friza iliyojaa nusu inagharimu karibu sawa na iliyojaa, kwa hiyo nafasi iliyobaki jaza chupa za maji ya chumvi za deli.